Msitu wa Asili wa Shule: Namna ya Kuutunza na Kuurithisha, kwa Klabu za Mazingira Mkoani Tabora

Shule nyingi za Tabora, hasa za kata zilizojengwa kwenye ardhi iliyotolewa na vijiji, zina kipande cha miombo nyuma ya mabweni au pembeni mwa uwanja wa mpira. Hakuna aliyekipanda, na kwa sababu hiyo hakuna anayekihesabu kuwa mali. Kinaitwa pori. Mgeni rasmi akija na miche tunampeleka mbele ya ofisi akapande miashoki kwa mstari, tunapiga picha, na kule nyuma mninga uliokuwepo kabla ya shule unachunwa gome na mtu asiyejulikana.

Mwongozo huu ni wa mwalimu mlezi na viongozi wa klabu, iwe ya Malihai, ya Roots & Shoots (iliyoanzia hapahapa Tanzania mwaka 1991) au klabu ya mazingira isiyo na jina. Niseme mapema ninachokiamini: shida kubwa ya msitu wa shule ni kwamba wanaoujua wanaondoka kila Novemba. Ng'ombe na panga tunaweza kupambana navyo. Kwa hiyo kila hatua hapa chini ina sehemu ya mkono na sehemu ya daftari, na daftari lina uzito uleule.

1. Mipaka na ruhusa

Mwombeni mkuu wa shule ramani ya eneo. Kama limepimwa, tafuteni bikoni (alama za mpaka). Nyingi zimefunikwa na majani na nyingine zimeng'olewa. Kama halijapimwa, mwombeni mwenyekiti wa kijiji na majirani wote wanaopakana nanyi watembee mpakani siku moja pamoja na wawakilishi wa klabu, kisha muuandike muhtasari na kila mmoja atie saini. Karatasi hiyo itawafaa siku mtu atakapodai kwamba ng'ambo ile ilikuwa ya babu yake.

Mjulisheni pia ofisa misitu wa wilaya. Mninga na mpingo haikatwi kiholela hata ikiwa nyuma ya bweni lenu. Kuna Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na ni vizuri wanafunzi waisikie kutoka kwa mtu wa misitu mwenyewe.

2. Jueni kilichomo kabla ya kugusa kitu

Hapa msiwe na haraka. Pimeni vipande vya mita 20 kwa 20 kwa kamba ya katani na vigingi vinne. Msitu ukiwa mkubwa si lazima kuupima wote. Chagueni vipande vichache vilivyotawanyika, kimoja karibu na njia, kingine katikati, kingine kwenye kichuguu. Cha kwenye kichuguu msikiruke, maana udongo wa mchwa hubeba mimea tofauti na ya jirani yake na watoto huiona tofauti hiyo wenyewe bila kuambiwa.

Kila kipande kipewe kikundi cha wanafunzi watano au sita, wachanganywe kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne. Kikundi cha kidato kimoja hufa pamoja na kidato hicho.

Vifaa ni vya kawaida: mkanda wa fundi cherehani, kaunta buku yenye jalada gumu, penseli (wino huchuruzika mvua ikipiga), chaki ya kuweka alama kwenye miti iliyokwisha kupimwa. Mzingo wa shina hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini. Kila mwanafunzi asimame ukutani, apimwe, ajue mita 1.3 inamfika wapi mwilini. Kwa wengi ni kifuani, na kuanzia siku hiyo hahitaji rula. Mzingo ukiugawa kwa 3.14 unapata kipenyo. Miche midogo isiyofika kifuani ihesabiwe tu, lakini ihesabiwe. Ndiyo inayoonyesha kama msitu unazaa au unazeeka.

Kwenye kaunta buku chora safu hizi: namba ya mti, jina la Kinyamwezi, jina la Kiswahili, majina mengine, jina la kisayansi, mzingo, hali yake, na aliyetaja jina. Safu ya mwisho ni muhimu kuliko inavyoonekana. Darasa moja la Tabora lina Mnyamwezi, Msukuma na Muha, na kila mmoja amekuja na jina la nyumbani kwao. Andikeni yote. Jina la kisayansi linaweza kusubiri hadi mtakapompata ofisa misitu au mwalimu kutoka Chuo cha Ufugaji Nyuki kilichoko Tabora mjini.

Miti itakayojaza kurasa zenu ni ya ukoo mmoja, na wanafunzi huichanganya: mtundu (*Brachystegia spiciformis*), myombo (*Brachystegia boehmii*) na muba (*Julbernardia globiflora*). Yote ina majani yaliyogawanyika kuwa vijani vilivyopangwa kwa jozi kwenye kikonyo kimoja. Wafundisheni kuhesabu jozi. Mtundu una jozi chache, na jozi ya nchani ndiyo kubwa. Muba nao una jozi chache, lakini kubwa ni za katikati. Tena maganda yake ya kahawia hukaa juu ya majani, unayaona ukiwa mbali. Myombo una jozi nyingi nyembamba, na jani zima linaning'inia. Mpe mtoto majani matatu mkononi, muulize jozi kubwa iko wapi. Atakosea mara moja, na hatakosea tena.

Mninga hautawasumbua. Tunda lake ni bapa la duara, kama chapati yenye kinundu cha miiba katikati, na kwenye jeraha la zamani la gome utaona utomvu mwekundu uliokauka. Tafuteni jeraha lililokwishakuwepo. Mwanafunzi asichanje gome ili tu kuwaonyesha wenzake.

Wakati mzuri wa kukusanya majani ya mfano ni kuanzia Septemba, miombo inapochipua majani mekundu mvua haijanyesha, kisha mwezi unaofuata yakishakuwa ya kijani. Kateni kitawi chenye majani na, kikipatikana, ua au tunda. Kitandazeni kwenye gazeti, jani moja ligeuzwe tumbo juu ili upande wa chini uonekane, funikeni kwa magazeti mengine, kisha wekeni ubao na matofali juu. Magazeti yabadilishwe kila siku kwa wiki ya kwanza. Ukiacha kubadilisha, kuvu huingia na kitawi kinakuwa cheusi. Kikikauka kishoneeni kwenye karatasi ngumu kwa sindano na uzi, mwandike mahali, tarehe na majina.

3. Waendeeni wazee

Mambo ya msitu huu hayamo kwenye vitabu vya shule. Yamo kwa mrina asali, kwa bibi anayejua uyoga, kwa mzee aliyechunga ng'ombe hapo kabla ya shule. Nendeni wachache, wanafunzi watatu na mwalimu, mpeleke sukari au sabuni, na wanafunzi waamkie vizuri. Mwanafunzi Mnyamwezi aanze na "mwangaluka" ikiwa ni asubuhi. Mzee akishacheka, kazi imekuwa nyepesi. Kwa wengine "shikamoo babu" inatosha.

Msiende na dodoso. Mwombeni mzee atembee nanyi msituni, muulize mbele ya mti wenyewe: "Babu, huu mlikuwa mnautumia kwa nini?" Mzee akiwa amekaa kwenye kiti atataja miti mitano. Akitembea atataja mingi zaidi, atawaambia na uliokuwepo ukaisha, na nani aliumaliza. Muulizeni matunda ya porini kama mtonga, mbula na ntalali yanaiva lini, yapi yaliliwa mwaka wa njaa, nyuki wanapenda maua ya mti gani. Asali ya Tabora inatokana na maua ya miombo hii hii, na mrina asali huwa anaijua kalenda yake kuliko mwalimu wa baiolojia.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni dawa: mzee akisema mti fulani ni dawa lakini hataki kueleza inavyotengenezwa, andikeni "dawa" muishie hapo. Hiyo ni riziki yake, na pia hatutaki mtoto wa kidato cha kwanza achemshe mizizi bwenini. La pili ni uyoga. Miombo hutoa uyoga mwingi wakati wa masika, mtamu, na uko unaofanana nao ambao unaua. Klabu ichore na kuandika, isichume wala kupika bila bibi anayeujua kuwepo.

4. Moto

Kama mna nguvu ya kufanya jambo moja tu kwa mwaka, fanyeni hili.

Mvua za Tabora huanza Novemba na kuisha kati ya Aprili na Mei, na kinachofuata ni nusu mwaka ya ukavu. Nyasi zinakauka zikiwa zimesimama. Moto unatoka kwa anayesafisha shamba, anayetaka majani mabichi ya ng'ombe, mwindaji, mrina asali aliyeacha kienge, au mpita njia na sigara yake. Moto wa Mei au Juni hutambaa chini kwa sababu nyasi bado zina unyevu. Moto wa Septemba au Oktoba ni mwingine kabisa: unapanda, unababua majani mapya yaliyochipua wiki hiyo, unaua miche mingi.

Kata barabara ya moto, yaani ukanda usio na nyasi ambao moto hauvuki, mwezi wa Mei, kabla ya likizo ya Juni. Ukisubiri hadi shule ifunguliwe Julai, nyasi zimekauka na wenzenu wamekwisha kuwasha. Upana usipungue mita 5, kuzunguka mpaka wote, na hasa upande unakotokea upepo wa kiangazi. Fyekeni, kisha mpalilie kwa jembe hadi udongo uonekane. Kufyeka peke yake hakutoshi, kwa sababu visiki vya nyasi vilivyokauka hupitisha moto vizuri tu. Nyasi zilizofyekwa zisirundikwe upande wa msitu. Nimeona shule ikitengeneza barabara safi kabisa na kando yake, ndani ya mpaka, lundo la nyasi kavu linalosubiri cheche. Agosti rudini mfagie majani yaliyoanguka, maana miombo hupukutisha.

Kuhusu kuchoma mapema kwa makusudi, ni njia inayotumika kwenye miombo na ina faida zake, lakini ni uamuzi wa ofisa misitu, serikali ya kijiji na mkuu wa shule, na hufanywa na watu wazima jioni upepo ukitulia. Wanafunzi hawawashi. Hawazimi pia. Ukitokea moto mkubwa sheria iwe moja: kengele inapigwa, wanafunzi wote wanakwenda uwanjani, wanahesabiwa. Namba za simu za mwenyekiti wa kitongoji na za majirani wenye nguvu ziandikwe ukutani ofisini, na zisiachwe kwenye simu ya mwalimu mmoja anayeweza kuwa safarini.

5. Kisiki hai

Miombo ukiukata haufi. Mizizi iko hai na kisiki kinatoa machipukizi mengi, ila yanagombania chakula na kubaki kichaka. Watu wa Dodoma wameieneza sana njia ya kuyasaidia kwa jina la kisiki hai, na huku kwetu inafaa zaidi kwa sababu visiki ni vingi. Tumbaku imekula kuni kwa miaka mingi kwenye mabani ya kukaushia.

Fanyeni Julai au Agosti. Chagueni kisiki, teueni machipukizi matatu au manne yenye afya na yaliyonyooka, mengine yote mkate karibu kabisa na kisiki kwa panga kali. Kateni kwa kuelekea juu; ukikata kwa kushuka gome linachanika hadi kwenye shina unalotaka kulibakiza. Kwenye yaliyobaki, punguzeni matawi ya chini hadi nusu ya urefu. Fungeni kitambaa chenye rangi ili mchungaji na mpita njia waone kwamba kisiki hiki kina mwenyewe. Mwaka unaofuata rudini mbakize mawili, au moja. Matawi mliyoyakata wapelekeeni jikoni, na mtakuwa mmeanza urafiki utakaohitajika hatua ya saba.

6. Kupanda, pale tu penye pengo

Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni tarehe 1 Aprili. Ni siku nzuri kwa mikoa mingine. Kwa Tabora, mche uliopandwa Aprili Mosi umebakiza wiki chache za mvua kisha unaingia kiangazi kirefu ukiwa na mizizi ya kitoto. Siku hiyo fanyeni sherehe, mwalikeni diwani, mpalilie. Kupanda kufanyike mwishoni mwa Novemba au mara shule inapofunguliwa Januari, udongo ukiwa umelowa kina cha kiganja na zaidi.

Mbegu ziwe za msitu wenu wenyewe. Mtundu na wenzake hupasua maganda yao kwa mlio mkavu mnaousikia hadi darasani na kurusha mbegu mbali, kwa hiyo kusanyeni maganda yakiwa yamebadilika rangi ila hayajapasuka, myaweke juani juu ya turubai na kuyafunika kwa chandarua kikuukuu. Pandeni upesi, mbegu hizi hazihifadhiki muda mrefu. Kwenye viriba (vifuko vya kuoteshea miche) changanyeni udongo kidogo uliochotwa chini ya mti mama, kwa sababu miti hii huishi kwa kushirikiana na kuvu wa mizizini na udongo wa bustani hauna kuvu hao.

Mninga una tabia inayowavunja moyo wengi. Mche unaota vizuri, unapendeza, kisha kiangazi unakauka hadi ardhini. Wanafunzi wanaandika "umekufa" na kung'oa kigingi. Haujakufa, unajenga mzizi chini, utachipua tena mvua zikirudi, na utafanya hivyo kwa miaka kadhaa kabla shina halijaamua kubaki. Andikeni jambo hili kwa herufi kubwa kwenye ukurasa wa mninga, kwa sababu mtoto aliyeupanda anaweza kumaliza shule kabla haujamfika magotini.

7. Jiko, ng'ombe na adhabu

Kuni za shule zisitoke msituni, na hili ni la kumalizana na mkuu wa shule kwa maandishi. Serikali imekwisha kuziagiza taasisi zinazolisha watu wengi ziache kuni na mkaa, lakini pale mabadiliko hayajafika, pandeni mijohoro upande mwingine wa eneo. Inakua haraka na inachipua ikikatwa. Miti iliyoanguka msituni inaweza kuokotwa. Mti uliokauka ungali umesimama na una matundu uachwe, una wapangaji. Mtu asiingize mkono tunduni.

Kwa wafugaji, zungumzeni Mei, nyasi zikiwepo kila mahali. Kuzungumza Septemba ni kugombana. Ua wa minyaa unafaa upande wa njia ya mifugo, ila wanaopanda wajihadhari na maziwa yake yasiingie machoni.

Na adhabu. Mwanafunzi akichelewa anapelekwa kufyeka msituni. Fimbo za kuchapia nazo zinakatwa hukohuko. Halafu Jumatano saa ya klabu tunamwambia aupende. Ombeni kikao cha walimu kiamue kwamba msitu si mahali pa adhabu. Mimi naliona hili lina nguvu kuliko mabango yote ya "Tunza Mazingira".

8. Kufundisha wengine

Mti wa wiki: kila Jumatatu mstarini mwanafunzi mmoja anashika kitawi, kwa dakika mbili anataja majina, anaeleza mti huo unatambulika kwa nini na mzee gani alisema nini. Aongee mwenyewe bila kusoma karatasi.

Vibao viwekwe kwenye vijiti vilivyochomekwa mbele ya mti. Msumari kwenye shina ni kidonda, na waya uliokazwa utaukaba mti unavyonenepa.

Siku ya wazazi au mahafali, watembezeni wageni msituni kwa vikundi vidogo, kila kipande kielezwe na kikundi kinachokitunza. Waalikeni wale wazee wa hatua ya tatu na wakae viti vya mbele. Mara nyingi watasahihisha jambo hapohapo, na sahihisho hilo liandikwe. Shule ya msingi jirani ije mara moja kila muhula, na wafundishwe na kidato cha kwanza na cha pili. Mtoto wa kidato cha kwanza akijua atafundisha, hujifunza kwa bidii nyingine kabisa.

Mizinga ya nyuki ni somo zuri, lakini iwe ya mbao, mbali na madarasa, mabweni na njia, chini ya mfugaji anayejua kazi yake. Mzinga wa gome unaua mti uliotoa gome hilo.

9. Makabidhiano ya Agosti

Yafanyike Agosti, kidato cha nne hawajazama kwenye mtihani wa Novemba. Kila kikundi kiende kwenye kipande chake na kaunta buku. Anayeondoka anaonyesha, anayebaki anataja: mti namba fulani, jina, mzingo wa mwaka jana, kisiki kilichopogolewa, mche wa mninga usiong'olewa. Akishindwa kutaja, warudie siku nyingine. Wakimaliza wote wawili watie saini kwenye ukurasa wa mwaka huo, na mwalimu mlezi atie yake, pamoja na orodha ya mafyekeo, majembe, kamba na mkanda, na jina la anayeshika ufunguo wa stoo.

Kurasa zote zipigwe picha kwa simu. Nakala moja iende kwa mkuu wa shule, nyingine ofisi ya kijiji, na nyingine kwenye kundi la WhatsApp la waliomaliza, maana walimu nao huhamishwa. Kaunta buku yenyewe ikae maktaba kwenye kabati linalofungwa, pamoja na majani yaliyokaushwa, na vipande vichache vya mkaa humo ndani vya kupunguza unyevu wakati wa masika.